Shangazi Alisema Ndiyo

Logan, Queensland
15 Januari 2023

Wifi yangu Lesieli,

Nakusalimu kwa furaha, ingawa mkono wa kushoto hausaidii kitu katika barua hii. Una pete mpya, na kila nikiandika mstari mmoja nasimama kuitazama. Hamjambo huko kisiwani Vavau? Kifua cha kaka Feleti kinaendeleaje? Na binti yetu Sulieti, shule imefunguliwa?

Tafadhali barua hii usimwachie Feleti aione. Kaka na dada hawaongei mapenzi, na wimbo wa mapenzi ukipigwa redioni mmoja wetu lazima atoke nje. Nikipiga simu mnaiweka sauti ya juu, Feleti amekaa papo hapo, na mimi nimejaa maneno yasiyofaa masikio yake. Kwa hiyo nakuandikia wewe, mke wake, na nitakuwa nawapa barua watu wetu wa kanisani wanaosafiri.

Wifi, nimeolewa! Najua ulikuwepo, ulinivika wewe mwenyewe, lakini acha niseme tena. Darcy ananiletea chai kitandani kila asubuhi. Amejifunza kusema “nakupenda” kwa lugha yetu, na anaitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nyumba yetu ina chumba kimoja na jiko ambalo wawili hatupishani bila kukumbatiana, nasi tunapishana makusudi.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka alasiri ya harusi, vijana walipoanza kucheza raga kwenye nyasi za kanisa na nguo zao nzuri? Darcy alinishika kiwiko.

“Yule nani?”

“Yupi?”

“Yule anayekimbia na mkeka wa sherehe kiunoni.”

Nikamwambia ni Sulieti, binti wa kaka yangu. Akaacha chakula. Sulieti aliangusha mpira, binamu yake akauokota, watu wote wakaanza kumcheka. Kabla hawajamaliza kucheka alikuwa ameshageuka, amemfikia yule kijana na kumlaza chini na shati lake jeupe. Darcy anasema kila mtu anaweza kumtazama mwenye mpira. Yeye kazi yake kwenye klabu ya Korongo ni kutafuta vipaji, na anachotazama ni mtu anafanya nini akishaupoteza.

Basi akamwendea Feleti, kama ambavyo mzungu yeyote angefanya. Feleti akacheka. “Shemeji, unamuuliza mtu asiye na kauli. Kwetu neno la mtoto ni la shangazi yake. Kamuulize mkeo.” Na mimi pale, mbavu za nguruwe mkononi, nimelewa furaha, nikasema kwa sauti, “Mchukue! Si ni wetu huyo!” Msemaji wa ukoo akasimama na kunishukuru, watu wakapiga makofi, mama wakubwa wakalia.

Sasa klabu imekubali! Nafasi yake ipo kuanzia Juni, kwenye kikosi cha wasichana. Atakaa bweni la klabu, atasoma shule ya hapa, na akiiva atachezea timu kubwa ya wanawake na kulipwa kwa kazi hiyo. Andika upesi, wifi, uniambie unavyofurahi!

Wako, bibi harusi ambaye bado hajashuka mawinguni,
Kalolaine


Vavau
27 Februari 2023

Wifi yangu mheshimiwa,

Barua yako imefika ikinukia sabuni ya huko. Sisi ni wazima. Kifua cha Feleti kimetulia tangu mvua ipungue, na sasa anakohoa kanisani tu, wakati wa mahubiri marefu.

Nimeisoma jikoni nikacheka mpaka majani ya magimbi yakaungua kwenye tui. Chai kitandani! Kaka yako tangu anioe ameniletea kitu kitandani mara moja tu, nacho kilikuwa kuku aliyetoroka. Mshike huyo mume, wifi, na usimwonyeshe wenzako.

Yule nguruwe jike mweusi amezaa, na watoto wote wanaishi. Kwaya imepata wimbo mpya, na wanaume wa sauti ya nne wanauimba kama wanavuta mashua. Vanila mwaka huu zimebeba vizuri.

Sulieti anasoma. Yuko Kidato cha Sita.

Nakutumia mkeka mdogo wa mlangoni, nimeusuka mwenyewe. Mungu awalinde.

Lesieli


Logan
19 Machi 2023

Wifi yangu mpenzi,

Mkeka umefika! Darcy hataki mtu aukanyage, ameutundika ukutani, na mgeni akiingia anaambiwa avue viatu hata kwa heshima ya mkeka wa ukutani. Nampenda mtu huyu mpaka naona aibu. Jana tumeenda kununua vitunguu tukarudi na maua, vitunguu tumesahau.

Alisubiri barua yako kuliko mimi. Nilipoifungua alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

“Lesieli anasemaje?”

“Anasema nguruwe amezaa.”

“Hiyo ni ndiyo au hapana?”

“Hiyo ni habari ya nguruwe.”

“Kalo, na kuhusu Sulieti?”

“Anasema Sulieti anasoma.”

Akakuna kichwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, watu wetu furaha kubwa huificha, na wewe ni mtu wa maneno machache. Si ndiyo hivyo, wifi?

Jumamosi alinichukua uwanjani nikawaone wasichana wenyewe. Ungewaona! Wengine wametoka Samoa, wengine Fiji, wengine wamezaliwa hapa hapa Logan, mashavu yamejaa vumbi, vicheko mpaka barabarani. Kuna mmoja mwenye mabega kama mlango wa kanisa, akimgonga mtu unasikia wewe maumivu. Nilisimama pembeni nikamweka Sulieti katikati yao, nikaona kabisa nywele zake zimefungwa juu na anamfokea mtu ampe mpira. Nilitokwa na machozi. Kocha ameshabandika jina lake kwenye kabati la chumba cha kuvalia. Ndege ni tarehe kumi Juni.

Kwa hiyo niandikie. Anahitaji nguo za baridi? Anaogopa? Wewe je, umewaambia wanakwaya? Najua umewaambia.

Wako anayekumbatiwa jikoni,
Kalolaine


Vavau
4 Mei 2023

Wifi yangu mheshimiwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na kazi ya kitambaa cha magome kwa ajili ya msiba wa upande wa chini wa kijiji. Tumekaa kwenye gogo refu wanawake wote tukigonga magome kutwa, na mikono yangu hadi leo haifungi vizuri. Wenzangu wamesema kipande changu kimekuwa chembamba mno, karibu kitoboke. Nimewaambia nyundo yangu ni nzito.

Feleti anakusalimu sana. Anamtembeza Sulieti ukoo mzima kuaga. Kila nyumba wanamsifu shangazi.

Umeniuliza mambo mengi. Neno lako tulilipokea siku ile mbele ya watu wote, na msemaji alilishukuru. Mimi ni nani niongeze juu yake? Nguo za baridi atatumia zitakazopatikana.

Nina ombi dogo, na kama halikufai liache. Je, Gatton ni mbali na kwenu? Kadi ya mwisho ya mdogo wangu Hoponi ilitoka huko, miaka minne iliyopita. Kama mtapita siku moja kwa shughuli zenu, mwambieni tu kwamba mama anamuulizia. Msifunge safari kwa ajili hiyo.

Nakutakia heri na mumeo.

Lesieli


Logan
29 Mei 2023

Wifi yangu Lesieli,

Barua hii anaichukua shoga yangu anayeruka kesho. Wewe mwenyewe ndiye uifungue.

Tulifunga safari. Gatton ni mwendo wa saa moja na nusu tu, na kwangu ilikuwa kama fungate jingine: tumebeba mkate na machungwa, Darcy anaimba vibaya, mimi namlisha akiendesha. Nilisema moyoni, nitamletea wifi zawadi, nitampiga picha mdogo wake akicheka.

Tuliuliza kwenye kanisa la watu wetu, wakatuelekeza kwenye mashamba ya kabichi. Hoponi alishuka kwenye trekta polepole, mguu mmoja kwanza, akashika mlango ndipo akateremsha wa pili. Aliponitambua rangi ilimtoka.

“Kalolaine? Dada yake Feleti? Nani amekufa?”

“Hajafa mtu, shemeji.”

“Basi mmefuata nini?”

“Lesieli anakusalimu. Mama anakuulizia.”

Akageuka kutazama kabichi. Kisha akasema twende tunywe chai.

Wifi, sikujua, maana wakati ule nilikuwa nimeshatoka nyumbani. Nilijua tu kwamba Hoponi alikwenda Australia na akapotea kama vijana wengine wanavyopotea. Sikujua kwamba alichukuliwa na klabu ya raga ana miaka kumi na saba, kano za goti zikakatika, na kabla hajatimiza ishirini wakamwacha. Alituambia bila hasira, kama anasimulia ya mtu mwingine, na hilo ndilo lililonichoma.

“Yule mtu aliyenifuata nyumbani,” alisema, “alikula nguruwe wa mama yangu. Aliimba kanisani kwetu. Siku ya kuniacha hakuja. Nilikuta mtu nisiyemjua mlangoni, akaniomba ufunguo wa chumba.”

Darcy akamuuliza kwa nini hakurudi nyumbani.

“Nirudi nikipita wapi, bwana? Kanisa zima lilifunga kuniombea. Nipite mbele yake na goti hili?” Akacheka kidogo. “Hata barua za dada yangu niliacha kujibu. Alikuwa ananiuliza nimekula nini. Ningemwambia nini?”

Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba. Tulipofika nyumbani nikamuuliza mume wangu, “Nyinyi mkimwacha msichana, nani humwambia?”

“Sisi si klabu ile, Kalo.”

“Sikuuliza hivyo. Nani humwambia?”

“Ofisi.”

“Na wewe huwa uko wapi?”

“Huwa niko njiani,” akasema. “Namtafuta mwingine.”

Tukagombana, wifi. Ugomvi wetu wa kwanza! Akaniambia, “Lakini wewe ulisema ndiyo,” nikamwambia, “Nilisema nikiwa na mbavu za nguruwe mkononi na macho yangu yakiwa kwako!” Akaniambia kocha anamsubiri, jina liko kwenye kabati, yeye ana mkataba wa miezi michache tu kazini. Nikamwambia na Lesieli ana binti mmoja tu maishani. Akalala ametazama ukuta, na mimi nikatazama mkeka wako.

Asubuhi chai ilikuja kitandani kama kawaida. Darcy akakaa pembeni yangu, akasema, “Nifundishe. Nilipaswa kumuuliza nani?”

Nikasema, “Wewe ulimuuliza mtu sahihi. Mimi ndiye sikumuuliza mtu.”

Nimezisoma barua zako zote upya, wifi. Nguruwe, kwaya, magome membamba mpaka karibu kutoboka. Hukuwahi hata mara moja kusema umefurahi. Mimi nilisoma furaha yangu mwenyewe mwandiko ukiwa wako.

Kwa hiyo leo jioni nitampigia Feleti, na aweke sauti ya juu apendavyo. Nitasema: neno la siku ya harusi nalirudisha, Sulieti haruki tarehe kumi. Atanitii, unamjua. Lakini wewe sitaki unitii. Nataka uniambie wewe, mama yake, unataka nini. Na kama utaniandikia tena kwamba huna la kuongeza juu ya neno la shangazi, basi mimi shangazi nakuamuru unibishie. Hapo sasa, jitoe kama unaweza.

Wako, mwenye aibu kidogo na upendo mwingi,
Kalolaine


Vavau
18 Juni 2023

Kalolaine,

Leo sikusalimu kwanza, maana nikianza salamu nitaishia kwenye nguruwe.

Nilikasirika. Nilikasirika tangu siku ya harusi yako, huku nakutandikia kitanda. Ulimtoa mwanangu kama mtu anayepitisha sahani, na watu wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga, maana ningefanya nini? Kwa miezi mitano nimegonga magome nikitamani yawe kichwa cha mumeo. Sasa nimesema. Umeniamuru mwenyewe.

Ulipopiga simu Feleti alisema, “Basi shangazi amesema.” Sulieti akatoka nje akabamiza mlango. Nilimkuta nyuma ya banda, analia. Nikamuuliza jambo ambalo na mimi sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa wote tulikuwa tunasubiri neno la shangazi. Nikamwambia, wewe unataka?

“Nataka, mama.”

“Unajua ya mjomba Hoponi?”

“Najua. Kijiji kizima kinajua, ila hakuna anayesema. Mimi nataka kucheza. Sitaki kupotea.”

Basi sikiliza masharti yangu, nayo siyapunguzi. Amalize Kidato cha Sita, mtihani ni Novemba. Asikae bweni, akae kwako. Najua nyumba ni ndogo na mapenzi yenu ni makubwa, mtabanana. Na mumeo aje hapa, akae kwenye mkeka wangu mbele ya ukoo. Ile hadithi ya siku watakayomchukua tumeshaisikia, ni tamu. Mimi nataka aniambie siku watakayomwacha itakuwaje. Akishaniambia ndipo nitajibu, na sikuahidi jibu.

Hoponi alinipigia simu Jumapili. Nikamuuliza amekula nini. Akasema kabichi. Tulicheka mpaka tukalia.

Nimemaliza. Mikono yangu inafunga vizuri sasa.

Wifi yako,
Lesieli


Logan
20 Agosti 2023

Wifi yangu, tena wifi kweli kweli sasa!

Nimeisoma barua yako nimesimama, na ulipofika kwenye kichwa cha mume wangu nilimsomea kwa sauti. Akajishika kichwa, akasema, “Ana haki.” Unaona nilivyopata mtu?

Klabu ilinuna. Walimwambia nafasi ya Juni haimsubiri mtu, nayo amepewa msichana mwingine. Darcy akawajibu, “Sawa, mpeni. Na tangu leo, msichana niliyemleta mimi, mimi ndiye nitamwambia habari mbaya.” Mkubwa wake akamuuliza kama ndoa imemharibu. Akasema ndiyo. Nilimbusu mpaka miwani ikaanguka! Mwishowe wamekubali Sulieti ajaribiwe Februari pamoja na wengine, bila upendeleo. Sisi hatuogopi, wifi. Wamtupie mpira, wampokonye, halafu wasimame mbali waone.

Chumba tumekipata: tunahamia nyumba ya vyumba viwili mtaa wa pili.

Darcy anakuja Desemba. Anajifunza maneno yake kwa lugha yetu, na hataki niyatengeneze zaidi ya matamshi. Mimi siji. Najua utashangaa, na Mungu anajua nitakavyomkosa siku zile, lakini nikiwa ndani ya nyumba ile macho yote yatanigeukia mimi, na mdomo wangu unaujua. Nabaki huku.

Wako,
Kalolaine


Vavau
17 Desemba 2023

Wifi yangu Kalolaine,

Salamu kwanza, maana leo zinatoka zenyewe. Wote wazima. Mtihani umekwisha, Sulieti anasema haukumshinda. Feleti amemchinja nguruwe na amekata kuni mwenyewe bila kukohoa.

Mumeo alikuja jana mchana. Alivaa mkeka kiunoni, umefungwa kama mzigo wa kuni, na hakuna aliyecheka mpaka alipogeuka. Akakunja miguu akakaa mbele ya ukoo mzima, wazee na bakuli lao la kinywaji cha kava upande huu, akina mama upande ule. Akaanza kusema. Matamshi yake, wifi! Lakini tulimwelewa kila neno.

Akasema, “Siku ya kuachwa ipo. Hata wakubwa huachwa. Siku hiyo mimi ndiye nitakayemwambia Sulieti, uso kwa uso. Nitapanda naye ndege. Tutapita mbele ya kanisa mchana, watu wakitazama, nami nitatembea upande wake mpaka mlango huu. Na kama goti limeumia, nitalipeleka kwa daktari kabla sijaenda kumtafuta mwingine.”

Nikasikia maji yakichemka jikoni.

Msemaji akakohoa, akasema maneno ni mazuri, sasa yanahitaji mwenyewe wa kuyajibu. Feleti, kwa mazoea yake, akasema, “Tumpigie shangazi.” Simu ikaletwa, ikawekwa sauti ya juu katikati ya mkeka. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, watu wote wanaitazama. Najua ulikuwa umeishika mkononi, Kalolaine. Najua ulikuwa unaiona ikiwaka na umeuma mdomo wako huo. Sijui nitakulipa nini.

“Hapokei,” Feleti akasema. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akawa hana pa kutazama. Ndipo msemaji akageuka taratibu, yeye ambaye tangu niolewe hajawahi kunigeukia katika jambo la ukoo, akasema, “Lesieli, wewe unasemaje?”

Sulieti alikuwa mlangoni. Sikumtazama, maana nilitaka neno liwe langu.

Nikasema, “Mimi ni mama yake. Nimesikia. Aende.”

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mtoto wa jirani akaamka akalia. Halafu makofi yakaanza, na safari hii nami nilipiga kwa mikono yote miwili. Mumeo alitaka kusimama anishukuru, miguu imekufa ganzi, akaanguka kifudifudi juu ya akina mama. Wamempenda sana.

Anafika huko na Sulieti tarehe ishirini Januari. Tandika kitanda.

Lesieli